Kabla ya kupaka rangi boti kuukuu ya faiba, tafuta maji yalikojificha

Mkuu, umesema umepata boti ya faiba ya uvuvi ya mita 5 hivi, imekaa juani miaka mingi, rangi imepauka, sakafu inabonyea ukiikanyaga upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, na hujawahi kushika faiba maishani mwako. Umeuliza uanze na rangi au uanze na sakafu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu boti yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, na mimi nilikuwa na swali hilohilo. Usianze na rangi wala sakafu. Anza kwa kutafuta maji.

Faiba yenyewe haiozi. Ganda lililojengwa kwa nyuzi za kioo na resini ya poliesta, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, linaweza kufikisha miaka 40 na zaidi likiwa bado na nguvu zake. Kinachokufa ni mbao zilizofichwa ndani: plaiwudi iliyo kwenye ukuta wa tezi, pale inapofungwa mashine (injini), mihimili inayopita chini ya sakafu kutoka tezi kuelekea omo (mbele), na sakafu yenyewe. Mbao hizo zimefunikwa kwa faiba, kwa hiyo ukitazama unadhani boti nzima ni faiba tupu. Sasa mwenye boti wa kwanza akatoboa akafunga kiti, wa pili akafunga pampu, wa tatu akahamisha kile kiti na kuacha matundu ya skrubu wazi. Maji hayahitaji mlango mkubwa. Yakishaingia kwenye mbao iliyozibwa pande zote hayana pa kutokea, na mbao inaoza gizani huku nje panang'aa.

Ndiyo maana sakafu inayobonyea naihesabu kuwa dalili tu. Ukiweka ubao mpya juu yake na kuupaka rangi, maradhi yanabaki palepale. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa wakizungumzia boti, lakini kwenye boti kifo hicho hukukuta uko mbali na nchi kavu.

Uchunguzi wake hauhitaji vifaa vya ajabu. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au hata mpini wa bisibisi, ugonge ukuta wa tezi wote, hatua kwa hatua, kisha sakafu, kisha mihimili pale unapoifikia. Palipo pazima patakujibu kwa mlio mkali. Palipooza au palipoachana tabaka mlio ni mzito, kama unagonga gunia. Kila unapobadilika weka alama ya chaki. Ukimaliza utakuwa na ramani ya ugonjwa mbele yako.

Baada ya hapo toboa. Najua inauma kutoboa kitu unachotaka kukiponya, lakini toboa: biti ya milimita 5, kutoka upande wa ndani, chini karibu na ngama, yaani tumbo la chini kabisa la boti ambako maji hutuama. Funga kipande cha utepe kwenye biti ili usipitilize ukatoboa ngozi ya nje. Kisha tazama unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe-mweupe, shukuru, ziba tundu kwa epoksi (aina nyingine ya resini, nitaieleza chini), sogea mbele.

Wangu haukuwa hivyo. Tundu la kwanza nililitoboa upana wa kiganja juu ya tundu la kutolea maji. Biti ilihangaika kwenye faiba, halafu ghafla ikazama yenyewe bila kusukumwa. Nilipoivuta, unga ulikuwa mweusi na unanata vidoleni kama machicha ya kahawa. Nyuma yake ukaja mchirizi wa maji yenye rangi ya chai ya rangi, na harufu ya majani yaliyooza mtaroni. Niliweka kopo chini. Asubuhi yake kopo lilikuwa limejaa na bado ukuta ulikuwa unadondosha. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefunga mashine kwenye ukuta huohuo, nikaitikisa kwa mikono miwili, na nikajiambia iko imara. Ngozi mbili nyembamba za faiba ndizo zilizokuwa zimebeba uzito wote, katikati pana uji.

Ukikuta hivyo, usikimbilie grenda. Kwanza boti ikae sawa. Ganda la faiba bila mihimili wala sakafu ni laini kuliko unavyodhani, na likiegemea vibaya litashika umbo baya, nawe utaligandisha na umbo hilo milele. Mimi niling'oa sakafu na mhimili mmoja kwa pamoja boti ikiwa imekaa juu ya matairi mawili. Ubavu mmoja ulitanuka kwa zaidi ya sentimita 2, na sikugundua mpaka sakafu mpya, niliyoikata kwa kufuata ile ya zamani, ilipokataa kukaa. Nililazimika kuzivuta mbavu kwa mikanda na kufunga miti ya kukingama toka ukingo hadi ukingo. Fanya hayo kabla: tegemeza mkuku (uti wa chini wa boti) sehemu kadhaa, tegemeza mbavu, funga miti juu, vuta uzi toka omo hadi tezi, na upime kila unapotoa kitu. Na toa mhimili mmoja, urudishe mpya, ndipo utoe wa pili.

Chini ya sakafu huenda ukakuta povu la kuelea, lile povu gumu jepesi linalowekwa ili boti isizame. Lipime uzito. Kipande nilichokitoa, kiasi cha ndoo ya lita 10, kilikuwa na karibu kilo 7, ilhali kikiwa kikavu hakifiki nusu kilo. Zidisha hiyo kwa boti nzima utaelewa kwa nini boti kuukuu zinakaa chini majini na kunywa mafuta mengi. Povu lililolowa hivyo halikauki kwa kungoja. Litoe lote.

Kuhusu vumbi nakuomba unisikilize vizuri. Vumbi la faiba ni kioo. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi inayobana uso sawasawa, miwani iliyozibwa pembeni, nguo ya kufunika mwili mzima, na glavu zilizofungwa utepe kwenye vifundo vya mikono. Ukimaliza, oga kwanza kwa maji baridi. Vumbi ni jambo moja na mvuke wa resini ni jambo jingine: kwa mvuke unahitaji barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya vumbi haikusaidii chochote hapo, hata kama husikii harufu kali.

Sasa resini, ambako wengi tunachanganyikiwa. Zipo mbili utakazokutana nazo. Poliesta ni ya bei nafuu zaidi na kuna uwezekano mkubwa ndiyo boti yako ilijengwa nayo. Hadina yake, ile kemikali inayoifanya resini igande, huwekwa kidogo sana, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, na unaweza kuongeza au kupunguza ndani ya kiwango hicho kulingana na joto la siku. Epoksi inashika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani na kwenye mbao, lakini vipimo vyake havichezewi: kama kopo limesema sehemu mbili kwa moja, ni mbili kwa moja. Kuongeza hadina ili ikauke haraka hakuharakishi kitu, kunakuachia utandu laini usiokauka kamwe. Kwa mgeni wa kazi hii, kwenye ukuta wa tezi na mihimili, mimi nasema tumia epoksi. Ukishatumia epoksi sehemu fulani, usirudi na poliesta juu yake, kwani haishiki vizuri. Na mati, ile ya nyuzi zilizokatwakatwa, nyingi zimeshikizwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta tu. Ukiiweka na epoksi itabaki ngumu na kukataa kona. Kwa epoksi nunua kitambaa cha kufumwa au cha kushonwa.

Hadina ya poliesta ikikuingia machoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani usiivue hata kwa mchanganyiko wa kikombe kimoja. Kama una kopo la kiharakishi cha kobalti kando, yaani kemikali ya kuifanya poliesta igande haraka, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadina, maana vikikutana vyenyewe vinaweza kulipuka.

Kosa langu kubwa la resini lilikuwa la wingi. Nilichanganya karibu lita moja kwenye kikopo kirefu, nikageuka kukata kitambaa. Kikopo kikaanza kutoa moshi, plastiki ikalainika, nikakibeba kwa koleo nikakiweka nje kwenye mchanga. Resini inapoganda hutoa joto, na ikirundikwa mahali pamoja joto hilo halina pa kwenda. Changanya kidogo, mimina kwenye sinia pana, na kata vitambaa vyote kabla hujafungua kopo.

Kulaza kitambaa kwenyewe ndiko nilikokupenda kuliko hatua zote. Unapaka resini ukutani, unalaza kitambaa, na kwa dakika moja kinabaki cheupe kama shuka. Kisha kinaanza kunywa. Weupe unaondoka kuanzia katikati, kinakuwa kama kioo kilicholowa, na unaiona mbao chini yake. Mahali panapobaki weupe pana hewa au pana ukame. Pita na rola ya chuma yenye mifereji, polepole, ukiisukuma hewa kuelekea ukingoni. Usiongeze resini kwa sababu tu unaogopa, kwani nguvu iko kwenye nyuzi, na resini iliyozidi ni uzito na ufa wa kesho. Kwa epoksi na kitambaa, lenga uzito wa resini ukaribiane na uzito wa kitambaa.

Ukuta wa tezi nilijenga hivi: nikabakiza ngozi ya nje, nikakata ya ndani, nikachokonoa mbao zote hadi kwenye faiba safi, nikaisugua kwa msasa mkali. Nikatengeneza kigezo cha kadibodi. Vipande viwili vya plaiwudi ya baharini vya milimita 18 nikavigandisha pamoja, nikapaka epoksi pande zote na hasa kwenye kingo, maana ubao hunywa zaidi mwishoni mwa nyuzi zake. Nikaubana kwenye ngozi ya nje kwa epoksi iliyokorogwa nzito, na pembe zote nikazijaza kwa epoksi hiyo nikaizungusha kwa mgongo wa kijiko. Kitambaa cha faiba hakipendi kona ya mraba, kitainuka na kuacha hewa. Kabla ya kuanza, pima mwinamo wa ukuta wa zamani na uuandike, kwa sababu mashine inautegemea kukaa kwake.

Kati ya tabaka na tabaka, epoksi ikishaganda inaweza kuacha utandu kama nta. Usiupige msasa kwanza, utausambaza tu. Uoshe kwa maji safi na kitambaa kikali, kausha, ndipo usugue.

Sakafu nitaipita haraka, kwani ukishamaliza tezi hutaogopa tena. Ifunike faiba pande zote mbili kabla ya kuifunga, na hakikisha mihimili ina njia za maji kupita chini hadi kwenye ngama. Kila tundu la skrubu litoboe kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, liache ligande, kisha toboa tena katikati ya epoksi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayozuia yote niliyoeleza kule juu yasirudi.

Nje, ukikuta malengelenge yenye maji yanayonuka kama siki, yapasue, yaoshe kwa maji safi yasiyo ya chumvi mara nyingi, na uiache boti ikauke. Hapa ni wiki, pengine miezi. Bandika kipande cha nailoni safi kwa utepe kwenye ganda. Kikitokwa na matone upande wa ndani, bado. Tundu lililopenya usilizibe kama kiraka cha ndoo. Sugua kingo zake ziteremke taratibu kwa upana wa mara 12 ya unene wa ganda, yaani ganda la milimita 5 linataka mteremko wa milimita 60 kila upande, kisha anza kulaza vitambaa.

Rangi chagua unayoipenda, ila kama mwili wa mashine yako ni wa alumini, rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe vya majini visiote kwenye boti usiifikishe karibu nayo, itakula alumini.

Mimi ilinichukua miezi 14 ya jioni na mwisho wa wiki, na zaidi ya nusu ilikuwa kusugua na kungoja ikauke. Nakwambia mapema ili mwezi wa tatu usidhani umeshindwa.

Kwa sasa usinunue kitu. Gonga, weka chaki, toboa matundu matatu kwenye ukuta wa tezi na moja kwenye kila mhimili, upige picha unga wa kila tundu ukiwa juu ya karatasi nyeupe, kisha uziweke hapahapa. Tukiuona unga ndipo tutajua kama ukuta mzima utoke au upande mmoja tu.