Maswali ya Wasomaji: Naomba Furaha, Mbona Haiji?

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu, kutoka mjini Dodoma na wilaya za jirani, zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: Mkristo aombeje furaha, na afanye nini isipokuja? Tumejibu chache. Maandiko tumeyanukuu kutoka Biblia ya Union Version.

Bwana Yesu asifiwe. Kila alfajiri napiga magoti kuomba furaha. Nafunga Jumatano na Ijumaa. Nikiinuka, moyo ni ule ule mzito, tena nimezidi kuchoka. Nakosea wapi?
*Mama wa watoto wanne, Kongwa*

Amina, mama. Kuomba furaha si kosa. Bwana mwenyewe alisema, "ombeni, na mtapata, furaha yenu iwe timilifu" (Yohana 16:24), na Daudi aliiomba waziwazi: "Unirudishie furaha ya wokovu wako" (Zaburi 51:12). Tukiisoma barua yako tunaona kinachokuchosha: ombi lako lote ni neno moja, na ukishasema amina unaugeukia moyo wako kuupima kama furaha imefika. Moyo unaopimwa kila asubuhi unabaki kujitazama wenyewe, na ukijitazama wenyewe huoni cha kuufurahisha. Soma Yohana 15:9-11 kwa utaratibu. Yesu anataja kwanza kukaa katika pendo lake, kisha kushika amri zake, ndipo anasema, "Hayo nimewaambia, ili furaha yangu iwe ndani yenu." Furaha inakuja baada ya hayo mawili, na kwa njia ya hayo.

Jaribu hivi kwa mwezi mmoja. Dakika 20 zinatosha. Chukua zaburi moja tu, wala usikimbilie sura tano. Zaburi 103 ni nzuri kuanzia, maana aya ya 3 hadi ya 5 zinataja matendo matano ya Mungu: anasamehe, anaponya, anakomboa, anatia taji, anashibisha mema. Zisome kwa sauti mara mbili. Ukisoma kwa macho tu, akili itakuwa imeshakwenda kwenye maji na uji wa watoto. Kisha simama kwenye tendo moja ujiulize: hili lilinifikia lini? Mwambie Mungu jambo lenyewe, kwa mfano, "Bwana, mwezi wa tatu mtoto alishikwa na homa usiku, nawe ukamwinua." Asante ya jumla, ile ya "asante kwa yote", inapita mdomoni bila kugusa kitu. Paulo anasema tuombe "pamoja na kushukuru" (Wafilipi 4:6), yaani shukrani iwe ndani ya ombi lenyewe, isingoje jibu.

Baada ya shukrani, toba. Tazama mpangilio wa Zaburi 51: Daudi anaanza na dhambi yake, anaomba moyo safi katika aya ya 10, ndipo anafika kwenye furaha ya wokovu katika aya ya 12. Mara nyingi kinachozuia ni jambo dogo linalojulikana kwa jina: neno ulilomwambia wifi, deni unalolikwepa, jirani mliyeacha kusalimiana kisimani. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Nenda. Tumeona watu wengi wakiongeza siku za kufunga ili wasiende huko.

Sasa omba furaha, kwa sentensi moja. Warumi 15:13 inakupa maneno: "Mungu wa tumaini, unijaze furaha yote na amani katika kuamini." Inuka ukafanye kazi zako. Usijipime.

Usiku, andika kwenye daftari la shule mambo matatu mema ya siku hiyo, ukitaja mtu au mahali. Kama kuandika ni shida, mweleze mwanao. Wengi hukwama wiki ya pili, maana kila siku wanaandika uzima, chakula, watoto. Jiwekee sharti la kutorudia jambo ulilokwisha kuandika, nalo litalilazimisha jicho kutafuta. Jumapili jioni soma ya wiki nzima.

Halafu hili la kufunga. Siku mbili kwa wiki, na shamba, na watoto wanne, na ndoo za maji! Mwili uliochoka hufanana sana na moyo uliokauka, hata mwenyewe usiweze kuvitofautisha. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya Horebu ilianza baadaye. Acha mlo mmoja wa siku moja kwa wiki, basi, mpaka nguvu zirudi.

Mvua zilikata mwezi wa pili, mtama haujatoa masuke. Nimeuza ng'ombe wawili kwa hasara. Kanisani tunaambiwa "furahini siku zote" na kupiga vigelegele. Naona kama nadanganya mbele za Mungu.
*Mkulima, Bahi*

Baba, usidanganye, na wala Biblia haikutaki udanganye. Paulo aliyeandika "Furahini katika Bwana siku zote" alikuwa kifungoni, na katika waraka huo huo anasema Mungu alimhurumia asiwe na "huzuni juu ya huzuni" (Wafilipi 2:27), na kwamba anaandika mengine kwa machozi (3:18). Kwa hiyo amri ya kufurahi imetoka kwa mtu aliyekuwa analia. Anayekwambia machozi yako ni upungufu wa imani hajausoma waraka wote.

Andiko lako ni Habakuki 3:17-18. Nabii anahesabu hasara sita bila kuficha: mtini haukuchanua, mizabibu haina matunda, kazi ya mzeituni ni bure, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi, vibanda havina ng'ombe. Ni mtu anayeijua ardhi kavu. Baada ya zote sita ndipo anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Hasemi ataifurahia njaa. Anayefurahiwa ni Mungu wa wokovu wake, ambaye ukame haukumwondoa.

Kwa hiyo nenda shambani, au kaa kwenye zizi lililopungua, uombe kwa hesabu yako mwenyewe. Taja mtama. Taja uwele na karanga, mzabibu kama unao, mbuzi, wale ng'ombe wawili na bei uliyopewa. Usiruke hata kimoja ili kuwahi "walakini". Wanaoruka ndio hujikuta Jumapili wanashangilia mdomoni huku moyo umefunga mlango. Ukimaliza, sema aya ya 18 hata kama sauti haina nguvu. Isipotoka kabisa siku hiyo, ishia kwenye Zaburi 13:1-2, ambapo "hata lini" imesemwa mara nne. Hilo nalo ni ombi kamili, na Mungu ndiye aliyeliweka kinywani mwetu. Kesho endelea hadi aya ya 6.

Na wazee wa kanisa watusikilize hapa. Mnapenda kunukuu Nehemia 8:10, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu." Aya hiyo inaanza kwa amri: watu wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na "mkampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu." Kanisa likiimba mwisho wa aya huku limeacha mwanzo wake, wenye njaa watasikia kelele tu. Mwaka wa ukame, kila jumuiya iorodheshe kaya zisizo na akiba kabla ya Jumapili ya mavuno, na nafaka ifike nyumbani kwao kabla ya ibada, jioni, bila kuwaita mbele ya watu. Ngoma za muheme zina heshima yake ibadani Ugogo, nasi tunazipenda. Lakini mwaka kama huu kwaya iimbe pia wimbo mmoja wa kulia, baba kama wewe naye apate neno lake.

Mhubiri ametuambia tutoe "mbegu ya furaha", shilingi laki moja, na huzuni itaondoka ndani ya siku saba. Nikope?
*Msomaji, Mpwapwa*

Usikope. Katika 2 Wakorintho 9:7 Mungu humpenda "yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu": ukunjufu unaitangulia sadaka, haununuliwi nayo. Simoni wa Samaria alipotaka kupata karama ya Mungu kwa fedha, Petro alimkemea vikali (Matendo 8:18-20). Huzuni ukiiongezea deni la laki moja, siku ya nane utakuwa na mizigo miwili.

Mke wangu alijifungua wiki sita zilizopita. Halali hata mtoto akilala, chakula hakimpiti, analia, anasema yeye ni mama mbaya. Wenzake wa kwaya wanasema ni roho ya huzuni, wanataka afunge siku tatu kavu.
*Mume, Chamwino*

Ndugu yetu, asifunge. Anayenyonyesha anahitaji maji na chakula kila siku, na mgonjwa asiyelala akinyimwa chakula atazidi kudhoofika. Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yakifika wiki ya sita, pamoja na kukosa usingizi na kujiona hafai, inawezekana kabisa ni sonona ya baada ya kujifungua. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Wiki hii mtoto ana chanjo zake, kwa hiyo mnakwenda kliniki hata hivyo. Nenda naye wewe mwenyewe. Usimwambie muuguzi "mke wangu hana raha" ukaishia hapo. Mweleze kama ulivyotuandikia: halali mtoto akilala, hali chakula, analia, anajilaumu, na ni tangu lini. Omba rufaa ikihitajika. Watu huogopa kutajiwa Mirembe, lakini hospitali hiyo imehudumia wagonjwa hapa Dodoma tangu 1927, na kuhudhuria kliniki ya afya ya akili hakumaanishi kulazwa. Akiandikiwa dawa, hakikisheni daktari anajua ananyonyesha. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na kosa linaloumiza wengi ni kuziacha ghafla kwa sababu mtu ameombewa au amejisikia nafuu. Asiache bila daktari.

Akisema anataka kufa, au kumdhuru mtoto, au akianza kuona na kusikia yasiyokuwapo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usiku hata mchana, na asiachwe peke yake hata kidogo.

Maombi yaendelee, ila mbebaji awe wewe. Keti kando yake, omba kwa dakika mbili, kwa sauti ya chini, bila kumtaka ajibu "amina" kwa furaha. Msomee Zaburi 88 akipenda. Inaishia gizani, haina aya ya shangwe, na bado ni sala iliyomo katika Biblia. Wanakwaya nao wana kazi: wapange zamu, mmoja apike uji wa ulezi, mwingine ateke maji na kufua nepi, mwingine ambebe mtoto kwa saa mbili mchana ili mama alale. Wakimpenda, waanze hapo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naimba kwenye timu ya sifa. Jumapili natetemeka kwa furaha, Jumatatu nimekauka kabisa. Roho ameniacha?
*Dodoma mjini*

Hajakuacha, mwanetu. Ulikesha Ijumaa, ukafanya mazoezi Jumamosi, ukasimama jukwaani Jumapili karibu na spika kubwa. Jumatatu mwili unadai usingizi wake. Lala kwanza. Kisha soma Luka 10:17-20. Wale sabini walirudi wakishangilia kwamba hata pepo wanawatii, na Yesu akawahamishia furaha mahali pengine: "furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni." Hilo halibadiliki Jumatatu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kushika simu, imba ubeti mmoja wa wimbo ule ule ulioongoza jana, peke yako, bila kinanda, polepole kiasi cha kusikia maneno. Ukigundua wimbo hauna maneno ya kutosha kukushika bila vyombo, mwombe kiongozi wenu awape nyimbo zenye Maandiko zaidi.

Nataka kujiuzulu uzee wa kanisa. Furaha niliyokuwa nayo nilipochaguliwa imekwisha. Mnanishauri nini?
*Mzee wa kanisa, Chamwino*

Shikamoo mzee. Ushauri unaotusaidia hapa ni wa Ignasi wa Loyola, padre Mhispania wa karne ya 16: moyo ukiwa mkavu, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na utulivu. Zidisha sala kidogo, na jichunguze ukavu umeingilia wapi. Kwa mzee wa kanisa mara nyingi huingilia penye vikao, hasa vya fedha na ugomvi, pale ambapo kutembelea wagonjwa kumeachiwa wengine. Kwa miezi miwili, mwombe mchungaji akupunguzie kamati moja, na badala yake tembelea nyumba mbili kila wiki, ukiwa na Biblia na bila ajenda. Miezi hiyo ikiisha, tafuta siku uliyolala vizuri na hukutoka kikaoni, utafakari jambo hili upya mbele za Mungu. Kama bado unaona ni wakati wa kupumzika, mwandikie mchungaji barua, umweleze sababu za kweli, na umpe muda wa kumwandaa atakayekupokea.