Slipu ya Agosti: majibu yangu kwa ndugu wa nyumbani

Binamu, umeniuliza kwenye grupu mbele ya ukoo mzima, basi nami najibu mbele ya wote. Uliandika hivi: "Dada, tunasikia umefilisika, lakini slipu ya Agosti inaonyesha mshahara umepanda, na posho ya serikali bado unapokea. Hela inakwenda wapi, mbona mama hapati kitu?" Sikukasirika. Ningekuwa huko nikaiona slipu ile, ningeuliza vilevile.

Slipu ile nilimtumia mdogo wangu kwa sababu ni mhasibu, ili anisaidie kuelewa herufi mbili tu: NT. Yeye akaipeleka kwenye grupu, mkaona tarakimu ya mwisho, mkaandika hongera. Naomba leo mnisome hadi mwisho.

Hapa Uingereza kila mwajiriwa ana msimbo wa kodi. Mwajiri haangalii shida zako. Anasoma msimbo alioletewa na mamlaka ya mapato na kukata kama ulivyo. Wangu ulikuwa 1257L, maana yake pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato, na zinazofuata, kwa mtu wa kipato changu, hukatwa asilimia 20. Kwa mshahara wa pauni 2,000 kwa mwezi, kodi ilikuwa pauni 190 na peni 50. Julai 2024 nikafilisishwa. Mtu akishafilisishwa, msimbo wake hubadilishwa kuwa NT mpaka mwaka wa kodi uishe tarehe 5 Aprili. Kodi ya mapato haikatwi kabisa. Mchango wa bima ya taifa ndio unaoendelea kukatwa, zile pauni 76 mlizoziona.

Kwa hiyo ni kweli, mkononi iliingia zaidi. Ila kodi ile isiyokatwa si zawadi. Mfilisi wa serikali, yaani afisa anayeshika mali ya aliyefilisishwa kwa niaba ya wadai, anaihesabu kuwa ni fedha zao, na nilisaini mkataba wa kumpa pauni 190 kila mwezi. Siku ya mshahara ziliingia, kesho yake zikatoka. Hapo ningekuwa palepale nilipokuwa zamani, kama si posho.

Posho yangu inaitwa Universal Credit. Ni moja kwa kaya nzima, na inapigwa hesabu upya kila mwezi. Mwajiri akishalipa, taarifa inakwenda yenyewe kwenye mifumo ya serikali, nayo inatazama kilichobaki baada ya kodi, bima ya taifa na pensheni. Mwaka ule, kwa mwenye watoto anayesaidiwa pango kama mimi, pauni 404 za kwanza hazikuguswa. Kila pauni iliyozidi hapo ilipunguza posho kwa peni 55. Pauni 190 na nusu zikionekana zimeongezeka kwangu, posho inashuka karibu pauni 105. Mfumo hauulizi kama fedha hizo umekaa nazo au umempa mfilisi. Mwezi ambao ninyi mliona nimepanda, nyumba yangu ilikuwa imepungukiwa pauni 105.

Nakumbuka nilivyojua. Nilikuwa kwenye basi alfajiri, natoka zamu ya usiku kwa wazee ninaowahudumia, nikafungua simu kutazama posho ya mwezi. Ule mstari wa kiasi kinachokatwa kwenye posho kwa sababu ya mshahara ulikuwa umenenepa. Nikasema wamekosea. Nikawaandikia, wakajibu hesabu iko sawa, na kwa sheria yao ilikuwa sawa kweli. Nyumbani mwanangu wa pili alikuwa ameacha viatu vya shule mlangoni, cha kulia soli imeachama, ndani kajaza karatasi. Hakuwa ameniambia.

Miezi mitatu nililipa hivyo kabla sijapata akili ya kumpigia mfilisi na kusema: mkataba wenu umesimama kwenye posho ya zamani, posho imeshuka. Dada aliyepokea simu akaniambia niandike upya bajeti na niambatanishe taarifa za posho. Wakapunguza kiwango kuanzia Novemba. Miezi mitatu ya nyuma haikurudi. Ndiyo maana kila Mswahili wa huku anayenijia na jambo hili namwambia: kabla hujasaini, uliza NT itafanya nini kwenye posho yako, na ukishasaini, kumbuka mkataba unaweza kubadilishwa hali ikibadilika.

Mtauliza nilifikaje huko. Si anasa. Miaka miwili kabla, mume wangu alipoondoka, nilichukua kazi ya pili wikiendi. Kule nikawekewa msimbo BR, unaokata asilimia 20 ya kila pauni bila kuacha kitu, ilhali mshahara wa kwanza ulikuwa mdogo na zile pauni 12,570 zisizokatwa kodi sikuwa nimezimaliza. Ilipokuja kurekebishwa nikarudishiwa pauni 600 kwa mkupuo. Mnakumbuka nilituma hela ya paa la mama? Ndiyo hiyo. Sikujua kuwa marejesho ya kodi yakipitia kwenye mshahara nayo huhesabiwa kuwa mapato ya mwezi ule. Posho ikashuka pauni 330. Kwa hesabu ndefu si dhuluma, kwa sababu miezi niliyokatwa zaidi posho ilikuwa imepanda kidogo. Lakini pango halilipwi kwa hesabu ndefu, linalipwa tarehe moja. Nikatumia kadi ya mkopo kwa chakula. Mwezi uliofuata nikaitumia kadi ya pili kulipia ya kwanza. Benki nayo, posho ilipoingia kwenye akaunti iliyokuwa na deni, ikajilipa kwanza. Nilipaswa kufungua akaunti benki nyingine mapema na kuhamishia posho huko. Sikuambiwa, nami sikuuliza kwa aibu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonigharimu kuliko madeni yenyewe. Nilificha hadi yakafika pauni 23,000.

Kuna njia nyepesi kuliko kufilisishwa, amri ya kusamehewa madeni kwa wenye kipato kidogo. Tangu Aprili 2024 haina ada, na mwishoni mwa Juni mwaka huohuo kikomo cha deni kilipandishwa kutoka pauni 30,000 hadi 50,000. Mshauri wa madeni aliniambia naifaa karibu kwa kila kitu, kisha akauliza: una mali yoyote, popote duniani? Nikasema nina kiwanja nyumbani. Thamani yake ni kama pauni 4,500. Kwa Universal Credit hakina shida, kwa sababu mali isiyofika pauni 6,000 haigusi posho, na huzuiwa kabisa mwenye kuzidi 16,000. Lakini amri ile inataka mali isiyozidi pauni 2,000, gari likihesabiwa peke yake. Kiwanja kikanifungia mlango. Nikalipa pauni 680 za kuomba kufilisishwa, nilizozikusanya kwa miezi mitano.

Shangazi, wewe unayemwambia mwanao aje, serikali itamlea: posho hii ninaipata kwa sababu nina makazi ya kudumu. Wengi wanaokuja kwa visa ya masomo au ya kazi wamewekewa sharti la kutogusa fedha za umma. Wanalipa kodi ileile, wanapewa msimbo uleule, na mambo yakiwaharibikia hawana Universal Credit wala posho ya watoto. Mwambie hivyo kabla hajauza chochote.

Na mama. Mfilisi alinipa fomu ya matumizi ya kaya: pango, chakula, nauli, umeme, nguo za watoto. Nikaipitia mara mbili nikitafuta mahali pa kumwandika mama. Hapakuwepo. Nilimweleza afisa kuwa kwetu mtoto humtunza mzazi. Alisikiliza kwa heshima, akasema fedha za kutuma nje haziwezi kuhesabiwa kama mahitaji ya kaya yangu. Kwa hiyo mwaka ule kila nilichomtumia mama kilitoka kwenye mstari wa chakula changu. Ndiyo maana kilikuwa kidogo, na miezi mingine hakikuwepo. Mama namwomba radhi kwa kunyamaza. Nilidhani nikimweleza atalala na mawazo, kumbe alilala na mawazo mabaya zaidi, kwamba nimemsahau.

Aprili 2025 msimbo ulirudi 1257L, mkataba wa NT ukaisha, mshahara ukashuka mkononi na posho ikapanda. Julai mwaka huo, miezi 12 ilipotimia, nikaachiliwa. Madeni yale hayanidai tena, ingawa rekodi ya kufilisika inakaa miaka 6 na hakuna atakayenikopesha kwa riba ya kawaida kabla ya 2030.

Limebaki la kiwanja, na hapa binamu nakusihi. Uliniandikia faragha kwamba tukihamishie jina lako kimyakimya, Waingereza hawatajua. Nilikitaja mwenyewe kwenye fomu. Siku nilipofilisishwa, mali yangu yote, ya huku na ya huko, iliingia mikononi mwa mfilisi, na kuachiliwa hakukuirudisha. Kuificha ni kosa la jinai, na ningekihamisha kabla ya hapo bila malipo ya haki wangeweza kukidai kwako. Kama ukoo unakitaka, uniambie, nitawaandikia niulize kama mnaweza kukinunua kwa bei halali. Mpaka hapo msikilime, msikijenge, na ile michungwa aliyopanda baba muiache ilivyo.