Usiwape Mwisho Kabla ya Mwanzo: Kufundisha Hadithi za Upelelezi na Taharuki

Wiki iliyopita mwalimu kijana anayefundisha fasihi katika sekondari moja ya Makete aliniandikia ujumbe. Baada ya shikamoo alieleza kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tano husinzia kila anapofungua hadithi fupi ya upelelezi, ilhali wakiwa bwenini husimuliana filamu za kijasusi hadi taa zizimwe. Nilimpigia simu siku ileile, lakini naona jibu linastahili kuandikwa, kwa kuwa walimu wengi wa fasihi katika nyanda zetu hizi za juu wana swali hilohilo.

Nilimuuliza kwanza anaanzaje kipindi. Alisema huandika ubaoni jina la mwandishi, muhtasari, dhamira, wahusika na sifa zao, kisha ndipo usomaji hufuata. Hapo ndipo hadithi inapokufa. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba muuaji ni mke wa marehemu hana sababu ya kufunua ukurasa wa pili, na vitabu vya uchambuzi vinavyouzwa kila stendi vimemmalizia hata hamu ndogo iliyobaki. Hadithi ya aina hii huishi kwa kile ambacho msomaji bado hakijui, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuilinda siri hiyo kwa wivu.

Mimi nilianza kazi Mbeya, na huko niliwahi kukatizwa kipindi na mwalimu wa taaluma aliyesimama mlangoni akasema, mbele ya wanafunzi, kwamba hadithi za vichochoroni haziji kwenye mtihani. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu wanafunzi waliyasikia na baadhi yao waliyaamini. Aliyesema hivyo hakukumbuka kwamba Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, ilishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, na kwamba mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, amewafundisha kusoma kwa makini watu wengi kuliko miongozo yetu yote ya mitihani. Wala si utanzu wa jana: hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe inayotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la hadithi za upelelezi za kisasa ilichapishwa mwaka 1841. Mwalimu anayeuonea haya utanzu huu hawezi kuufundisha.

Darasani huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Katika hadithi ya upelelezi tendo limekwisha kutokea, na msomaji anarudi nyuma kumtafuta aliyelitenda. Katika taharuki anatazama mbele kwa hofu ya litakalotokea. Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alilieleza hili kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde chache, lakini wakijua tangu mwanzo kwamba lipo na saa inakwenda, mazungumzo ya kawaida kabisa ya watu walioketi pale yanawakosesha raha kwa dakika kadhaa. Ninapochora meza hiyo ubaoni, sihitaji tena kukaririsha fasili.

Kisha tunasoma kwa sauti, na mimi huchagua mapema mahali pa kusimama. Katika Lamb to the Slaughter ya Roald Dahl, ya mwaka 1953, mke anamuua mumewe askari kwa mguu wa kondoo uliogandishwa, anaiweka nyama ileile ndani ya jiko, kisha anaketi mbele ya kioo, anajipodoa na kufanya mazoezi ya kutabasamu na kuagiza viazi kwa sauti ya kawaida. Nasimama hapo. Kila mmoja anaandika daftarini anachodhani kitafuata na kunakili sentensi iliyomfanya adhani hivyo. Dhana isiyo na sentensi siipokei. Mwaka huu binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa amenyoosha mkono tangu muhula uanze, alisimama akasema kwamba mama yule hahitaji viazi, anahitaji mwenye duka amkumbuke. Darasa lilinyamaza, kisha wote wakarudi kwenye kurasa za mwanzo kutafuta walichokipita. Hakuna aliyeuliza kama hadithi ile ingekuja kwenye mtihani, nami naona fahari kulisema hilo.

Kwa uandishi, sisi wa Iringa tuna hazina mlangoni. Mkwawa, mtwa (yaani chifu) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alifariki mwaka 1898, fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarejeshwa Kalenga mwaka 1954 baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa za mtwa huyo. Nawauliza wanafunzi: vipimo hivyo vinathibitisha nini, na vinaacha nini bila jibu? Nawataka waliheshimu jambo lenyewe, kwa kuwa wengine wao ni wajukuu wa historia hiyo. Baada ya mjadala kila mmoja hutunga hadithi fupi yenye dalili zilizotawanywa mapema, na mwenzake, akimaliza kuisoma, huipigia mstari kila dalili. Asipoipata hata moja, mtunzi amemdanganya msomaji na lazima aandike upya.

Walimu wenzangu, tuache kuwalisha vijana majibu ya maswali ambayo hawajayauliza. Dhamira na wahusika vifundishwe, tena kwa kina, lakini baada ya ukurasa wa mwisho, wakati mwanafunzi ana hoja na sentensi za kuitetea, kwa maana mtahini naye anadai mifano kutoka kwenye matini. Mwalimu wa Makete amesema nakala alizo nazo ni chache. Asome mwenyewe kwa sauti, au anakili hadithi kwenye karatasi za manila na kuzibandika moja baada ya nyingine, ile ya mwisho ikibaki ofisini hadi madaftari yote yawe yamekusanywa.