Fidla yalegea nyuzi kila asubuhi

SWALI: Fidla ya mwanangu tunaiweka sawa jioni, asubuhi tunakuta nyuzi zimelegea na vigingi vimejizungusha. Imeanza Januari hii. Nitie gundi? – Mama wa mwanafunzi, Moshi

JIBU: Gundi hapana, mama! Kigingi, kile kijiti cha kukazia uzi mwisho wa shingo, hushikwa na msuguano tu, mti kwa mti. Kiangazi hewa hukauka, mti husinyaa, kigingi kinateleza. Masika yakiingia vigingi vitavimba na kugoma kuzunguka.

Shughulikia uzi mmoja mmoja. Ukilegeza zote nne kwa pamoja, daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, litaanguka, na kile kijiti kinachosimama ndani ya fidla bila gundi kinaweza kulala. Kukisimamisha ni kazi ya fundi. Chomoa kigingi: utaona mikanda miwili inayong'aa pale kinapogusa matundu. Paka hapo sabuni ya mche iliyokauka, kidogo sana, kisha chaki nyeupe. Sabuni hulainisha, chaki hushika. Kikiteleza bado, ongeza chaki. Unapofunga uzi, mizunguko ya mwisho isogelee ukuta wa upande wa kishikio, na ukikaza, sukuma kigingi kwenda ndani huku ukizungusha. Wengi huzungusha tu, ndiyo maana kinarudi.

Sasa litazame daraja kwa ubavu. Kukaza nyuzi hulivuta kichwa kuelekea shingoni. Upande wake unaotazama mkia, pale nyuzi zinaposhikwa chini, usimame wima kabisa.

Unga wa ulimbo unaopakwa kwenye upinde ukidondokea fidla, futa kwa kitambaa kikavu, spiriti itakula vanishi. Na fidla isilale kwenye buti la gari juani.