Jibu: Kwa nini mitaa ya Weusi Minneapolis ilikataa kufutwa kwa idara ya polisi?

Salaam ndugu. Umekwama penye swali hili: iwapo George Floyd, Mmarekani Mweusi, aliuawa na polisi mwezi Mei 2020 katika jiji la Minneapolis, Marekani, iweje wakazi wengi Weusi wa kaskazini mwa jiji hilo wapinge pendekezo la kuiondoa idara ya polisi na kuweka idara ya usalama wa umma mahali pake katika kura ya Novemba 2021?

Anza kwa kutazama nani alikuwa akipigwa risasi mitaani wakati huo. Nilipoishi huko, majirani zangu walikuwa wakiwaogopa askari, lakini simu yao ya dharura ikichelewa kujibiwa walikasirika vilevile, na hawakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Baadhi ya wakazi wa kaskazini hata waliishtaki serikali ya jiji mwaka 2020 ili itimize idadi ya askari inayotakiwa na katiba ya jiji, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota iliwapa haki kwa sehemu.

Kisha tenganisha bajeti na uwajibikaji, kwani neno "kufuta" liliyachanganya. Mnamo Desemba 2020 baraza la jiji lilihamisha takriban dola milioni 8 tu kutoka bajeti ya polisi.