Usiisugue hiyo pembe ya baruti

Weka msasa chini, ndugu yangu. Umeeleza kwamba marehemu babu yako wa Kondoa ameacha pembe ya baruti (pembe ya ng'ombe ya kubebea unga wa bunduki) yenye nakshi zilizofifia, ukauliza ilitengenezwa wapi, ina thamani gani na ihifadhiwe vipi, kisha ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa Jumamosi utaisafisha na kuipaka vanishi.

Yangu niliipata Mpwapwa. Fundi mmoja wa samani hapa mjini, aliyejinadi kuwa anavijua vitu vya kale ilhali alichokijua ni makochi tu, alinishauri niichemshe ili uchafu ulegee. Pembe ya ng'ombe ikipata joto hulainika, na mafundi wa zamani waliitumia tabia hiyo kuubana mdomo wake mpana juu ya kizibo cha mti. Katika sufuria yangu mdomo ulipinda, kizibo kikachomoka, na vigingi vyembamba vilivyokishikilia vikaelea kama vijiti vya kuchokolea meno. Maji meusi niliyamwaga uani. Kisha yule bwana akapitisha msasa, na mistari iliyochanjwa kwa kina cha unywele ikaondoka pamoja na masizi yaliyoijaza. Nikamlipa, tena nikamshukuru. Leo inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na wageni huniuliza ni mguu wa kiti gani.

Ugogo, yaani eneo la Dodoma ya leo, ulikuwa njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na magobori, bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yalipita humo pamoja na baruti yake, hivyo pembe iliyookotwa hapa yaweza kuwa ya pwani, ya Unyamwezi upande wa Tabora au ya hapahapa. Nakshi peke yake haitoshi, kwa kuwa duara lenye nukta katikati huonekana Uarabuni na pia Kongo. Aina ya mti wa kizibo, namna vigingi vilivyochongwa, kamba, na ungaunga uliobaki ndani, ambao ndio hutofautisha baruti (shura, mkaa na salfa) na ugoro au dawa, ndivyo vinavyosema, na vyote hivyo mimi nilivimwaga uani.

Anayekushauri uichome kwa sindano ya moto ili kuhakikisha kuwa ni pembe halisi, mwambie aanze na kidole chake, maana masalia ya baruti kavu bado yanaweza kuwaka.

Piga picha za kizibo, za ncha, na za ndani ukimulika kwa tochi, uzilete hapa na vumbi lake lote.