Katikati ni wapi hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza useremala kwa fundi mmoja hapa Mikindani. Juzi alinipa kipande cha mninga cha sentimita 70, kimoja kati ya vinne vya matendegu ya kitanda, akaniambia: "Kabla hatujakikeleza, kitie alama katikati, halafu toboa kidogo." Nikapima sentimita 35, nikapiga mstari, nikatoboa. Fundi aliporudi alishika kiuno. Kumbe alama ilitakiwa kwenye vichwa viwili vya mti, pale inaposhika mashine ya kukeleza, ile inayouzungusha mti ili uchongwe uwe mviringo. Anasema sijui Kiswahili. Mimi naona yeye ndiye asiyejua. Nani kakosea? Na neno sahihi ni katikati, kitovu, kiini, au senta kama wanavyosema wengine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa lugha hukukosea. Kwa kazi, umeharibu tendegu.

Ukimpa mtoto muwa na kisu ukamwambia aukate katikati, ataukata pale pale ulipotoboa wewe. Kitu kirefu hupimwa urefu kwanza, ndivyo macho yalivyozoea. Fundi wako hakuwa akiuwaza urefu. Kichwani mwake ule mti ulikuwa umeshapanda kwenye mashine na unazunguka, na kitu kinachozunguka kina katikati yake nyingine kabisa. Neno aliloliacha ni "kichwani". Angesema "kitie alama katikati ya kila kichwa", leo usingeniandikia.

Lakini hata hivyo katikati ingekuwa bado haitoshi. Tazama kwanza kati na katikati zinavyoachana. Mikindani iko kati ya Mtwara mjini na Lindi, hilo halina ubishi. Sema sasa kwamba iko katikati ya Mtwara na Lindi, uone konda atakavyokucheka, maana kutoka Mtwara mjini ni kilomita kama 10 tu na safari ya Lindi ndiyo kwanza inaanza. Kati ni popote baina ya viwili. Neno likirudiwa hujibana, ila halijibani hadi kuwa nukta: tunasema katikati ya soko, katikati ya usiku, na hakuna anayetoa rula.

Mkerezaji anatoa rula. Anachokitafuta kina jina, na jina hilo ulilisoma shule ya msingi kwenye somo la duara: kitovu. Ndipo unaposimika mguu wa bikari, na kila kipenyo lazima kipite hapo. Neno limetoka tumboni kwetu, na nadhani ndiyo maana linafaa: mtu ana kitovu kimoja, na akisema "pale ndipo kilipozikwa kitovu changu" anakuonyesha mahali pamoja tu duniani.

Kwenye kichwa cha mti wako wa pembe nne, piga mstari kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha mwingine kwa pembe mbili zilizobaki. Inapokatana ndipo penye kitovu. Kama mti haukupigwa randa vizuri na pembe zake hazina mraba, mistari hiyo itakudanganya. Hapo kadiria nusu ya upana, chora mstari kwa kipimo hicho hicho ukianzia kila ubavu, pande zote nne. Utabaki na kimraba kidogo katikati (hapa neno katikati limekaa mahali pake), na nukta yako inaingia humo ndani. Usione ni mambo madogo. Ukikosa kitovu kwa milimita 2, ubavu mmoja utajitokeza milimita 4 kuliko wa pili, mti utapiga kelele kwenye mashine, na hadi uje kuwa duara utakuwa umepoteza milimita 4 za unene. Tendegu lina vichwa viwili, kwa hiyo lina vitovu viwili, na mstari usioonekana unaoviunganisha ni mhimili, kama mhimili wa dunia.

Kiini ni kitu kingine, na hapa nakuomba usichanganye hata kidogo. Kitovu unakiweka wewe kwa kipimo. Kiini mti umeota nacho. Chukua gogo la mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wanaujua kuliko mimi. Ukilikata unaona weusi ndani na ukingo mweupe nje, na mara nyingi weusi huo umeegemea upande mmoja kwa sababu mpingo hauoti ukanyooka. Ukitafuta kitovu kwa kufuata ganda, utakereza hadi upande mmoja uwe mweusi tii na wa pili bado mweupe. Mjuzi hupima kitovu cha ule weusi. Unaona? Kitovu cha kiini, maneno mawili katika sentensi moja na kila moja lina kazi yake. Nyufa za gogo linalokauka nazo kwa kawaida huelekea kwenye kiini. Hazijui kitovu chako kiko wapi.

Senta sina ugomvi nayo. Imeshaingia karakana kama ilivyoingia kwenye mpira, na haitoki. Kasoro yake ni kwamba huitwa hivyo nukta ya kwenye mti na pia ile ncha ya mashine inayoingia kwenye nukta hiyo. Mwenzako akipaza sauti "senta imehama!" huku mashine inanguruma, hujui ukimbilie kipi. Mimi ningeiachia mashine jina la senta, mti ubaki na kitovu.

Umeandika "kukeleza", andika kukereza, na mashine yenyewe kamusi zinaiita kerezo au keezo.

Kile kipande usikitupe. Kikate pale pale kwenye tundu lako, utapata mninga wa kutosha vipini vya patasi, na vichwa vyake utavitafutia vitovu mwenyewe.